Kiganja cha Lyle

Wiki iliyopita tulimwacha Sajini Orrin Dahlke ameinama juu ya maiti ya mwanawe, kwenye nyumba ya maziko ya mzee Buhr, akivifungua vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja. Basi tusimwinamishe mzee wa watu wiki nyingine. Kiganja kilifunguka.

Katikati yake palikuwa na alama. Mviringo, ndogo kama kifungo cha shati, imezama ndani ya nyama. Na haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, zimepandana, mpaka ngozi imechanika na nyama imekuwa nyeusi.

Hiyo haikuwa kazi ya risasi. Risasi za majambazi zilimpata Lyle shingoni na kifuani. Hii alijitia mwenyewe.

Orrin alishika meza. Yeye ndiye mwalimu wa shabaha wa askari wote wa kaunti ya Tesmer, na hakuna sehemu ya bastola asiyoijua kwa kupapasa. Alama ile ilikuwa ya ncha ya kile kichuma cha mbele ya silinda, lile pipa dogo lenye matundu sita ya risasi; kichuma kile unachokisukuma ili maganda matupu yatoke. Kwa kawaida kinasukumwa mara moja tu, maganda yanamwagika, unapakia, unaendelea.

Lyle alikuwa amekipiga kwa kiganja mpaka kiganja kikatoboka.

"Baba, umeona nini?"

Alikuwa Marlys, mke wa Lyle. Aliingia kimya, kitana mkononi, amekuja kumchana mumewe nywele maana mzee Buhr alikuwa amezilaza upande usio wake.

Orrin aliufunga mkono wa mwanawe. "Nimeona kwamba hakujificha."

"Mji mzima unasema alijificha."

"Mji haukuwepo."

"Dwight alikuwepo, mwenzake wa zamu! Dwight ndiye aliyesema! Eti alimsikia Lyle akipiga risasi sita, halafu kimya. Dwight kalala mtaroni mkono umevunjika, anamwita, anamwita, na Lyle kachuchumaa nyuma ya gari, hajibu, hapigi." Marlys alianza kumchana. "Na Sherifu kasema hakuna bastola juu ya jeneza."

Neno hilo ndilo lililomkata Orrin. Kaunti ile ina desturi yake. Askari akiuawa kazini, bastola yake huwekwa juu ya jeneza, silinda imefunguliwa, matundu yote sita matupu, kuonyesha kwamba mwenyewe alizitumia zote alizopewa. Baadaye mjane hukabidhiwa bastola hiyo pamoja na mshipi. Askari aliyezikwa bila bastola alikuwa mmoja tu, zamani sana, na wajukuu wake walihama kaunti.

"Sitaki kitu kingine," Marlys alisema. "Sitaki maua yao, sitaki wimbo wao. Nataka bastola ya mume wangu iwekwe juu ya jeneza."

"Itawekwa."

"Niahidi, Baba."

"Nimekwambia itawekwa, mwanangu."

Hapo Marlys akatulia kidogo. Akalaza nywele za Lyle upande wake. Akatabasamu, tabasamu lile la msibani ambalo ni baya kuliko kilio.

"Unajua Jumapili alikuwa na furaha sana? Tulikwenda kijitoni, mimi na yeye. Akanifundisha kupiga makopo na ile bastola yake. Nilimwambia inapiga kelele kama radi, itaning'oa bega. Akacheka, akanitilia zile risasi fupi za mazoezi. Baba, nimepiga makopo! Sanduku zima tulilimaliza. Akanibeba mgongoni mpaka garini."

Orrin aliinama kumtengeneza mwanawe kola.

"Tulipofika nyumbani akatoa vibrashi vyake kuisafisha. Nikamwambia, wewe bwana, achana na hilo lichuma, pai inapoa. Akaacha. Akaja kula." Marlys akafuta jicho. "Nafurahi aliacha. Jioni ile ilikuwa yetu."

Ndugu msomaji, kama umewahi kuteleza kwenye barafu ukajua unaanguka kabla hujafika chini, basi unajua alivyojisikia mzee yule.

Maana bastola zile kubwa za risasi sita hula risasi za namna mbili. Ziko ndefu za kazini, zenye nguvu ya kupasua mlango wa gari. Na ziko fupi, laini, za unene uleule, za kufanyia mazoezi. Ukipiga fupi nyingi, masizi hujiviringisha ndani ya tundu pale risasi fupi inapoishia, yakafanya pete. Usipoisugua pete hiyo, risasi ndefu itaingia, ndiyo, kwa kusukuma kidogo kwa kidole. Lakini ukiifyatua, ganda linavimba, linang'ang'ania kwenye ile pete, na halitoki ng'o.

Orrin aliwafundisha vijana wake jambo hilo mpaka wakachoka. Ukipiga fupi, sugua matundu siku hiyohiyo, hata mama yako awe anazaa.

Na Lyle alijua. Aliahirisha tu. Aliitwa mezani na mke wake, akaenda kula pai.

"Mbona umepauka?" Marlys aliuliza. "Kaa chini, Baba."

"Ni joto la humu," alisema Orrin, na chumba kile kilikuwa baridi kama pango. Akachukua kofia yake akatoka.

*

Sherifu Harlan Mott alikuwa na tabia ya kutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha kahawa. Alipomwona Orrin mlangoni, aliacha kutafuna.

"Orrin. Pole sana. Kaa."

"Sikai. Nataka bastola ya Lyle."

"Tumeshaongea hilo."

"Wewe uliongea. Mimi nilikuwa sina nguvu ya kujibu."

Mott alipumua kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupigiwa kura, na hiyo ni aina nyingine ya ugonjwa. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Unadhani mimi napenda? Kijana nimemwona anazaliwa. Lakini alipiga sita, akanyamaza. Mshipi wake ulikuwa na risasi nyingine kumi na mbili, hazijaguswa hata moja. Kumi na mbili, Orrin! Mwenzake yuko mtaroni anavuja damu, yeye ana bastola tupu mkononi na risasi kiunoni, hapakii. Mtu wa namna hiyo tunamwitaje?"

"Sema. Mwite."

"Sisemi mbele yako."

"Umeshasema mbele ya mji mzima. Kwangu ndiyo unaona haya?"

Mott akatazama kikombe chake.

Orrin akavuta pumzi. "Nijibu jambo moja. Mlipoiokota bastola, maganda yalikuwa ndani?"

"Yote sita."

"Nani aliyatoa?"

"Mimi mwenyewe. Hapa hapa mezani."

"Uliyatoaje?"

"Nilisukuma kile kichuma, hayakutoka. Yalikuwa yamekwama kidogo. Nikayagonga."

"Ukayagonga na nini?"

Macho ya Mott yalikwenda dirishani. Kwenye ukingo wa dirisha, karibu na picha ya wajukuu wake, palikuwa na nyundo.

"Harlan. Ukayagonga na nini?"

"Na ile nyundo," alisema Sherifu polepole.

"Lyle alikuwa na nyundo pale barabarani?"

Nje mashine ya kuvunia mahindi ilipita, vioo vikatetemeka.

"Kamfungue kiganja cha kushoto," alisema Orrin. Sauti ilikuwa imeanza kumtoka vibaya. "Kamfungue uone. Kakipiga kile kichuma mpaka nyama ikatoka. Wakati Dwight anamwita, mwanangu alikuwa anapigana na bastola. Hakumjibu kwa sababu meno alikuwa ameyakaza. Risasi kumi na mbili kiunoni, na hana pa kuzitia! Majambazi wakaja wakamkuta hivyo. Wakampiga akiwa bado anagonga."

Sherifu alivua kofia yake. Akaiweka mezani. Kichwa chake cha upara kiking'aa.

"Mungu wangu," alisema. "Na mimi nimemwita..." Hakumaliza.

Akavuta droo. Bastola ilikuwa humo, imefungwa kwa kitambaa. Chuma cheusi chenye mng'ao wa buluu, mpini wa mti wa jozi uliochakaa pale kidole gumba kinapokaa. Orrin ndiye aliyempa Lyle bastola ile siku alipoapishwa. Kabla ya hapo ilikuwa yake.

"Itawekwa juu ya jeneza," alisema Mott. "Nami nitasimama kanisani niseme kwa mdomo wangu kwamba nilikosea."

Hapo msomaji utasema, alhamdulillahi, haki imepatikana. Subiri kwanza.

Maana Mott alikuwa amegeuza bastola, anachungulia tundu moja kwa mwanga wa dirisha. "Ila Orrin, watauliza. Bastola zetu zote ni hizi. Wewe ndiye umetuhubiria kwamba hazikwami. Nilipotaka kununua zile bastola bapa, zenye kisanduku cha risasi ndani ya mpini, kama walizonunua mji mkuu, nani alipinga? Lyle mwenyewe alipozisifia mbele ya askari wote, nani alimwambia akanunue na sketi ya kuvalia?"

Orrin aliinamisha kichwa. Aliyesema ni yeye. Askari walicheka, na Lyle alicheka nao, lakini masikio yalimwiva.

"Kwa hiyo kwa nini ilikwama?" Mott akaingiza kidole. Kikatoka na weusi. "Masizi haya. Hapa kuna pete. Mtu amepiga risasi fupi humu, nyingi, na hakusugua. Askari tangu Agosti hawajafanya mazoezi. Nani kaitumia bastola hii?"

Orrin alimwona Marlys amebebwa mgongoni, anacheka, miguu inaning'inia. Alisikia: nafurahi aliacha.

Ukweli wote ulikuwa mdomoni mwake. Nusu yake ilimrudishia Lyle jina lake. Nusu ya pili ingemwingia mwanamke yule moyoni na isingetoka mpaka kaburini.

"Mimi," alisema Orrin.

"Wewe?"

"Nilimwazima Jumamosi. Nilitaka kuikumbuka. Nikapiga sanduku zima la fupi, nikamrudishia chafu. Nilimwambia nimeisafisha."

Mott alimkodolea macho. "Wewe, Orrin Dahlke. Uliyenitimua mimi uwanjani, mimi Sherifu, kwa sababu ya vumbi kwenye mtutu."

"Nimezeeka. Nilisahau."

"Unajua unachokisema? Unajua mji utakufanya nini?"

"Nipe bastola nikaisafishe, Harlan. Haiwezi kupanda juu ya jeneza ikiwa hivyo."

*

Walimzika Lyle Ijumaa mchana, upepo unavuma kutoka mashamba yaliyovunwa, mabua yanaruka mpaka juu ya makaburi.

Bastola ilikuwa juu ya jeneza. Silinda wazi, matundu sita matupu. Orrin alikuwa ameyasugua asubuhi ile kwa mkono wake, tundu baada ya tundu, mpaka yakang'aa kama pete za harusi. Aliyasugua muda mrefu baada ya masizi kwisha.

Sherifu alisimama kanisani akasema alivyoahidi. Alisema askari Lyle Dahlke alikufa akipigana. Alisema bastola ilikwama. Dwight Penner, mkono kwenye kitambaa shingoni, alilia hadharani. Kisha Sherifu, kwa sauti ya chini zaidi, akasema iliazimwa Jumamosi, ikarudishwa chafu, na aliyeiazima ni nani.

Kanisa zima liligeuka.

Orrin alitazama mbele. Mchungaji mwenyewe alisahau ukurasa.

Baada ya kuteremsha jeneza kaburini, ilikuwa zamu ya mkubwa wa familia kumkabidhi mjane bastola na mshipi. Mkubwa wa familia alikuwa Orrin. Alimwendea Marlys ameshika vitu vile kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kwako, mwanangu."

Marlys alivipokea. Macho yake yalikuwa makavu. "Usiniite mwanangu."

"Marlys..."

"Ulimrudishia chafu. Ukamwambia umeisafisha. Na yeye akakuamini, maana wewe ni baba yake, wewe ndiye bingwa wa bastola." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nimekulisha mezani kwangu Jumapili nyingi. Juzi nimesimama na wewe nikimchana nywele, na wewe unajua. Ulikuwa umesimama pale, na unajua!"

"Nilikuwa najua," alisema Orrin. Hilo halikuwa uongo.

"Usije nyumbani kwangu tena. Njaa ikikuuma, kale bastola zako."

Akageuka, mshipi begani, bastola kifuani, akatembea kuelekea magari. Wanawake wakampisha. Hakuna aliyemwangalia Orrin. Mtu mmoja alitema mate kando, mzee waliyesoma naye darasa moja.

Basi. Lililotakiwa lilikuwa limetimia. Lyle alikuwa chini na jina lake juu. Marlys alikuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo hakuwa yeye mwenyewe. Orrin alivaa kofia. Alijiambia, ukishabeba mzigo, usiulize uzito. Atauzoea. Ng'ombe hashindwi na nundu yake.

Alibaki peke yake na wachimba kaburi. Wengine walikwenda ukumbi wa kanisa, kwenye mikate ya nyama na kahawa.

Ndipo Dwight Penner alipotokea, amerudi mbio kwa hatua za mgonjwa, mkono umebanwa kifuani.

Dwight ni mtu mwema. Tangu utotoni hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mpishi kwamba supu ni tamu. Ndiyo maana alimwaibisha Lyle. Waliuliza alichosikia, akasema alichosikia.

"Sajini," alisema, anahema. "Ulimwambia Sherifu uongo."

Orrin alimtazama.

"Bastola hukuiazima. Jumamosi Lyle alikuwa na mimi zamu mchana kutwa, iko kiunoni kwake. Na Jumapili nilipita kijitoni na farasi. Nilimwona Marlys anapiga makopo. Nikaona sanduku. Lilikuwa la fupi."

"Dwight. Sikiliza vizuri. Hukuona kitu."

"Niliona, Sajini."

"Hukuona!" Orrin alimkamata kola. Wachimba kaburi wakaacha sepetu. "Hukupita kijitoni. Huna farasi. Mwambie yeyote neno hilo nami nitauvunja na huo mkono mwingine, umenielewa?"

Uso wa Dwight ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeleta maua, akaambiwa ameyachuma kaburini.

"Lakini Sajini... nimeshamwambia."

Orrin aliachia kola.

"Umemwambia nani?"

"Marlys. Sasa hivi, pale garini. Alikuwa anakutukana vibaya, roho ikaniuma. Nilishamchafulia mtu mmoja jina kwa mdomo wangu, sikutaka na wewe uchafuke. Nikamwambia, usimchukie mzee, hana kosa, bastola ilichafuka Jumapili mlipokuwa mnapiga makopo. Nilidhani... nilidhani atafurahi kujua baba mkwe wake hana kosa."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Aliitazama mikono yake."

Upepo ulipiga. Orrin aligeuka kuelekea magari. Pale gari la Marlys lilipokuwa limeegeshwa, palikuwa na alama za magurudumu tu kwenye majani.

"Kaenda ukumbini," alisema Orrin. Hakuwa anauliza. Alikuwa anaomba.

Dwight alitikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea magharibi, ambako vumbi lilikuwa bado limesimama hewani juu ya barabara ya changarawe. Barabara ile haiendi ukumbini wala nyumbani. Inakwenda kijitoni.

Orrin alianza kukimbia, mzee wa miaka hamsini na saba, kofia imeanguka, suti ya msiba inapepea. Na alipokuwa anakimbia aliuona ule mshipi, jinsi alivyomkabidhi Marlys kwa mikono yake mwenyewe. Risasi zote kumi na mbili ambazo Lyle hakupata pa kuzitia zilikuwa bado mle.

Na matundu alikuwa ameyasafisha mwenyewe. Safari hii bastola isingekwama.